Mkoko Hauli Tope

Wasomaji, nyinyi ndio mahakama, kwa hivyo nianze na shauri lenyewe. Upande wa pili unadai kwamba mikoko ya Kipini, mdomoni mwa Mto Tana, haina haja na mto huo. Chakula chake ni tope, kinywaji chake ni bahari, na jua la Ghuba ya Ungwana halimaliziki. Basi maji ya mto yakifika huku chini yanapotea bure, na mwenye akili atayazuia au kuyachepusha huko juu. Mmeyasikia hayo barazani, mmeyasikia Garsen sokoni, na wengine mmeyasikia kutoka kwa watu waliovaa tai. Waliosema ni wengi lakini hatua zao ni zile zile, kwa hivyo nitawapa wote jina moja: Msemaji.

Nina sifa moja ya kumpa. Hakuanza na siasa, alianza na jani. Alitueleza kwanza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, na maelezo hayo ndiyo aliyoyatumia kutoa hukumu juu ya mto. Maelezo ya jani yakianguka, hukumu nayo imekwisha. Tuyapime moja baada ya jingine.

Dai lake la kwanza ni kwamba mti hula udongo. Nalieleza kwa haki, maana si dai la kijinga. Delta ina rutuba kwa sababu ya mashapo. Mafuriko yakija vizuri mashamba huzaa, yakikosekana mwaka huwa mbaya. Mkoko umesimama kwenye tope jeusi, zito, lenye kila aina ya uozo ndani yake, na unanenepa. Ni wazi basi, asema Msemaji, kwamba tope limegeuka mti. Wanazuoni wa Ugiriki ya kale waliamini karibu hivyo hivyo.

Aliyelipima dai hilo kwa mizani ni Jan Baptist van Helmont, mtu wa Brussels, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648 baada ya kufa kwake. Alitia ratili 200 za udongo mkavu kwenye chungu, akapanda mche wa ratili 5, akawa anaunywesha maji tu. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na ratili 169 na zaidi. Udongo ulikaushwa ukapimwa tena, ukakutwa umepungua wakia mbili hivi. Msemaji atueleze zile ratili 160 na ushee zilitoka wapi ikiwa chungu kilitoa wakia mbili. Van Helmont mwenyewe alikosea jibu: alidhani mti wote ni maji. Ilibidi tufike mwaka 1804 ndipo Nicolas-Théodore de Saussure, Mswisi wa Geneva aliyekuwa na mizani nzuri zaidi, aonyeshe kwamba uzito unaoongezeka unatokana na vitu viwili: maji, na hewa ya ukaa ambayo jani huivuta.

Asiyetaka ushahidi wa Ulaya aende jikoni. Chukua gogo kavu la mkoko, lichome mpaka liishe, kisha kusanya jivu. Jivu lile, ambalo ni sehemu ndogo mno ya gogo, ndilo karibu yote yaliyotoka kwenye tope. Kilichobaki kilitoka kwenye hewa na maji, nacho kimetoweka hewani. Nusu hivi ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo jani liliichota kutoka kwenye hewa ambayo kati ya sehemu zake 10,000 ni 4 tu na kidogo zilizo za ukaa. Najua Msemaji atacheka: boriti ijengwe kwa kitu hafifu namna hiyo? Ndiyo. Hewa haisimami, majani ni maelfu, na boriti haikui kwa wiki moja.

Je, tope halina kazi? Lina kazi, tena kubwa, lakini si ile aliyoitaja. Linatoa naitrojeni, fosforasi, chuma, na magnesi ambayo hukaa katikati ya kila chembe ya klorofili, ule ukijani unaonasa mwanga. Ni vitu vya kiasi kidogo ambavyo vikikosekana kazi yote husimama. Sasa angalieni mahali alipojikwaa. Hata tungemkubalia kwamba mkoko hula tope, tope hilo la delta limeletwa na nani? Limeshuka na Tana kutoka Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya. Mabwawa ya juu, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, hunasa mashapo kwa tabia yake. Maji yakituama, mchanga hukaa chini. Kwa hiyo dai lake la kwanza, hata likiwa kweli, linampinga yeye mwenyewe: anayesema mti hula tope kisha akataka mleta tope azuiwe, amesema mti ufe njaa.

Dai la pili ni la kitaalamu zaidi, na ndilo lililowapendeza vijana waliosoma. Msemaji alisema maji hayatumiki katika kazi ya jani, hupita tu. Oksijeni inayotoka kwenye majani, kwa maelezo yake, ni hewa ya ukaa iliyovuliwa kaboni: kaboni inabaki kuwa sukari, oksijeni inaachiliwa. Akaegemea hesabu ya darasani. Ubaoni, alisema, tuliandika maji sita na hewa ya ukaa sita, zikatoka sukari moja na oksijeni sita. Oksijeni sita ni atomu kumi na mbili. Maji sita yana atomu sita tu. Basi angalau nusu lazima itoke kwenye ukaa. Na kama nusu inatoka huko, kwa nini isitoke yote?

Hesabu yake ni sahihi. Kasoro iko ubaoni. Ile ni hesabu iliyofupishwa ili wanafunzi waikariri. Ikiandikwa kwa ukamilifu, maji yanayoingia ni kumi na mbili, na mengine sita, mapya, hutengenezwa njiani. Maji kumi na mbili yana atomu kumi na mbili za oksijeni, na hizo ndizo zinazotoka. Hili halikuachwa liwe kisio. Mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko California waliwapa mwani maji yenye oksijeni nzito, inayoweza kutambulika, wakasubiri waone itatokea wapi. Ilitokea kwenye oksijeni iliyotolewa. Walipoitia oksijeni nzito upande wa ukaa badala ya maji, hewa iliyotoka haikuwa nayo.

Maana yake ni kwamba kazi ya kwanza ya mwanga wa jua ndani ya jani ni kuyapasua maji. Chembe ya maji inavunjwa, oksijeni inatupwa nje kama taka, na nguvu iliyopatikana, pamoja na haidrojeni, inapelekwa upande wa pili ambako kaboni inaunganishwa kuwa sukari. Njia za huo upande wa pili zilifuatiliwa na Melvin Calvin na wenzake kwa kaboni yenye mnunurisho, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Hakuna maji, hakuna cha kupasua, na upande wa pili unakosa malighafi. Hicho ndicho kitu ambacho Msemaji alisema "hupita tu".

Nitamwongezea silaha moja ambayo hakuitumia, ili msiseme nimemshambulia akiwa mikono mitupu. Maji yanayopasuliwa ni kidogo sana ukilinganisha na yale yanayopotea kwa mvuke. Jani haliwezi kufungua vitundu vyake kuingiza hewa ya ukaa bila maji kutoroka kupitia vitundu hivyo hivyo. Kwa kila kilo moja ya mwili mkavu unaojengwa, mimea mingi ya kawaida hupoteza mamia ya kilo za maji. Angeweza kusema basi maji mengi kweli hupita tu. Lakini angesema hivyo angekuwa amejifunga zaidi, maana mti unaolipa mamia ya kilo za maji ili upate kilo moja ni mti ambao kila ugumu wa kupata maji unapunguza chakula chake.

Hapo tunafika kwenye dai la tatu, ambalo ndilo moyo wa shauri. Mkoko hunywa bahari, na bahari haipungui. Msemaji ana ushahidi wa macho. Mikoko imesimama kwenye maji ya chumvi, maji yakijaa mizizi hufunikwa, na bado ni mibichi. Mwembe ukiwekwa hapo utakufa. Kwa hiyo mkoko si kama mwembe.

Kweli, si kama mwembe. Lakini kuvumilia chumvi na kuila ni mambo mawili. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ili mzizi uyavute maji hayo na kuiacha chumvi nje, mti hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi mara 25 hivi ya mgandamizo wa hewa iliyo juu yetu. Mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya matao, huzuia karibu chumvi yote mlangoni kwenye mzizi. Mchu una njia nyingine: huiruhusu kiasi, kisha huitoa kupitia majani. Lamba jani la mchu siku isiyo na mvua utaonja mwenyewe. Hizi zote ni gharama. Mti unaolipa gharama hizo hauwezi kuacha vitundu vyake wazi ovyo. Hubana maji, hufungua kwa ubahili. Na vitundu vikibanwa, hewa ya ukaa ndani ya jani hupungua. Hapo kimeng'enya kinachoishika kaboni, kiitwacho rubisko, ambacho hakina ustadi mkubwa wa kutofautisha, huanza kushika oksijeni badala yake, na mti hupoteza sehemu ya kaboni ambayo tayari ilikuwa mkononi. Chumvi ikizidi, mkoko unaishi lakini unakua polepole, unakuwa mfupi, na hatimaye unabaki kichaka. Mikoko mingi hukua vizuri zaidi maji ya bahari yakichanganyika na ya mto kuliko kwenye bahari tupu.

Na Msemaji alizungumza kana kwamba mikoko ni mti mmoja. Kenya inahesabu aina tisa. Mlilana husimama mbele kabisa, uso kwa uso na bahari. Lakini Kipini inajulikana kwa msikundazi, mti mkubwa wa mizizi mipana kama mbao na majani yenye upande wa chini wa rangi ya fedha, na huo hukaa nyuma, ambako maji ya mto yana nguvu kuliko ya bahari. Kama kinywaji cha mikoko ni bahari tupu, msikundazi umefuata nini mdomoni mwa Tana? Naomba mlishike swali hili, kwa sababu Msemaji aliutaja msikundazi mara mbili katika kusifu mbao zake, na hakuuliza hata mara moja kwa nini uko hapa.

Kipini yenyewe ni shahidi wa ziada. Tana haikuwa ikitokea hapa siku zote. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belesoni kuiunganisha Tana na Mto Ozi, na mto mkubwa ukaifuata njia hiyo. Maji matamu tunayoyazungumzia yana historia ya kuhamishwa na mkono wa mtu, na yakihamishwa, kila kinachoyategemea huhama nayo au hufa. Wakulima wa Ozi wanalijua hilo bila kusoma kitabu. Mpunga wao hunyweshwa na maji ya mto yanayosukumwa kurudi juu bahari ikijaa. Ilimradi maji yanayosukumwa ni matamu, hiyo ni kazi ya bure ambayo bahari huwafanyia. Mto ukipungua, kinachopanda ni chumvi, na malalamiko yao juu ya chumvi hiyo si ya jana. Mpunga hauna mbinu za mchu. Hufunga vitundu, kisha jani hukauka kuanzia nchani.

Dai la nne lilipita haraka, nami nitalipita haraka: jua ni jingi, kwa hiyo chakula ni kingi. La. Kuna kiwango ambacho jani likifika, mwanga wa ziada hauna pa kwenda. Mitambo ya kushika kaboni imeshajaa. Mwanga unaozidi hapo huwa hatari kwa jani, si chakula. Tazama majani ya juu ya mkoko saa saba mchana: yamesimama karibu wima, ubapa umekwepa jua. Mti unaokimbia jua mchana hauonyeshi dalili ya kukosa jua. Kinachoupungukia ni maji ya kuweza kuacha vitundu wazi.

Dai la tano lilichekesha watu, kwa hiyo limekaa vichwani. Msemaji alisema mti hutoa oksijeni mchana na kuivuta usiku, hutoa hewa ya ukaa usiku na kuivuta mchana. Kwa hiyo hesabu ni sifuri, na anayekata msitu hajakata kitu. Akaongeza, kwa kejeli, kwamba kama mti una oksijeni ya kugawa, mbona mchu umechomoza mizizi ya pumzi maelfu kutoka kwenye tope kutafuta hewa?

Swali la mizizi ni zuri na linastahili jibu. Oksijeni hutengenezwa kwenye jani, penye mwanga. Mzizi uko gizani, ndani ya tope lisilo na hewa, na unapumua kama kiumbe chochote, usiku na mchana, kwa kuichoma sukari iliyoshuka kutoka juu. Ile mizizi iliyochomoza ni njia fupi ya kuufikishia hewa. Hakuna mgongano hapo. Kuhusu usiku, ni kweli mti hutoa hewa ya ukaa usiku, na huitoa mchana pia, ila mchana haionekani kwa sababu jani linavuta zaidi ya linachotoa. Hilo la usiku Jan Ingenhousz aliliona tangu mwaka 1779. Na mnaoogopa kulala chini ya mwembe, aliyelala ubavuni mwenu anawatolea hewa hiyo karibu zaidi na pua.

Lakini sifuri? Boriti ni ushahidi wa kutosha dhidi ya sifuri. Kama mti ungerudisha usiku kila ulichochukua mchana, usingekua hata unene wa kidole. Kila boriti iliyowahi kupakiwa jahazini kwenda Lamu au Uarabuni ni ziada ya mchana juu ya usiku, ziada ambayo mtu anaweza kuibeba begani. Msemaji anauza ushahidi dhidi yake kwa korija.

Hapa nitawaudhi na wa upande wangu. Wale wanaomjibu kwa kusema mikoko ni mapafu ya dunia nao hawana hesabu. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitoa, kwa kupumua kwake na kwa kuoza kwa majani yake. Hewa ina oksijeni asilimia 21, na hakuna atakayekosa pumzi Kipini kwa sababu mchu umekatwa. Thamani ya mikoko iko upande wa kaboni. Majani na mizizi iliyokufa huzama kwenye tope lisilo na hewa, ambako kuoza huenda taratibu mno, na kaboni inabaki imefungiwa kwa karne nyingi. Gazi, kule Kwale, watu wa mradi wa Mikoko Pamoja wanauza hesabu ya kaboni hiyo tangu mwaka 2013. Hakuna aliyewahi kujitokeza kununua oksijeni yao.

Limebaki dai la sita, la muwa. Msemaji alisema, na hapa alisema kweli, kwamba muwa ni miongoni mwa mimea stadi zaidi kwa usanisinuru, ile kazi ya jani. Una mbinu ya kuikusanya hewa ya ukaa na kuisukuma mpaka kwenye rubisko, hivyo haupotezi kaboni kwa kushika oksijeni, na hutumia maji kidogo kwa kila kilo inayojengwa. Kwa hiyo, alimalizia, delta ikilimwa miwa hewa itasafishwa kuliko inavyosafishwa na nyasi na vichaka. Hoja hii ina ukoo mrefu: mwaka 2008 mradi wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, na kampuni ya sukari ya Mumias wa kulima miwa kwenye maelfu ya hekta za delta uliidhinishwa, ukapelekwa mahakamani, na mwaka 2012 delta hiyo hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Lakini jani kuwa stadi si sawa na kuihifadhi kaboni. Kaboni ya muwa inakaa muda gani? Majani yake mara nyingi huchomwa kabla ya kukata. Sukari yake huliwa, na mlaji huitoa kwa pumzi siku hiyo hiyo. Kaboni ya mkoko imo kwenye tope. Zaidi ya hayo, mbinu hiyo ya muwa si ya muwa peke yake. Mahindi yanayo, mtama unayo, na nyasi nyingi za nchi za joto, zikiwemo za malisho ambayo wafugaji huyafuata delta wakati wa kiangazi, zinayo pia. Msemaji anataka kuving'oa vyenye ustadi ili apande chenye ustadi.

Na muwa, hata ukitumia maji kidogo kwa kilo, una kilo nyingi sana, na kwenye mvua za Garsen haukui bila kunyweshwa. Dai la tatu lilisema maji ya Tana hayana kazi huku chini. Dai la sita linayahitaji maji hayo hayo, huku huku chini, kila msimu, kwa mifereji. Msemaji hakueleza ni asubuhi ipi maji yalipata kazi. Akirudi barazani aanze na hilo, na kabla hajataja hekta hata moja, aseme ni lita ngapi atakazoziondoa kabla hazijafika Ozi.